Sura ya Sita: Buluu Mbili

Kufikia saa tatu asubuhi amri ilikuwa imeshasomwa mara mbili, na mara zote mbili Bibi Neret alikuwa ameikataa.

Afisa Gavera wa ofisi ya wanyamapori aliisoma mara ya tatu kwa ajili ya Sajini Rufina Malom, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari la polisi kutoka mji wa Namatanai, vumbi jeupe la barabara limemjaa mpaka kwenye nyusi. Amri ilikuwa fupi. Kadi ya ufugaji namba kumi na saba, ya Neret wa kijiji cha Sumbalik, imefutwa. Mitambazi yote inayolisha viwavi katika bustani yake ikatwe na kuchomwa leo, saa tisa alasiri. Mwenyewe afikishwe kwa hakimu kwa kosa la kuvuna vipepeo katika msitu uliofungwa.

"Umesikia?" Gavera alimuuliza bibi.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza." Bibi Neret alikuwa amekaa juu ya kigogo katikati ya lango lake, mwanamke mfupi wa miaka sabini na minne, midomo myekundu kwa popoo. "Siyo mimi. Na hapa sitoki."

"Bibi, vijana watakuja na mapanga."

"Waje. Nusu yao niliwapokea mimi siku waliyozaliwa, uchi vilevile, wanalia. Waje tuamkiane."

Gavera alipangusa jasho. Alikuwa mtu wa mji mkuu, ana miaka mitatu visiwani, na bado alikuwa akivaa soksi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka katika kazi kama ile ni ugonjwa.

"Mzigo uko wapi?" Rufina aliuliza.

Ulikuwa garini mwa Gavera, boksi la kadibodi lililonaswa uwanja wa ndege wa Kavieng wiki iliyopita. Rufina aliliweka juu ya meza ya mbao chini ya mshelisheli, akavaa glovu, akahesabu. Vibahasha vya karatasi vya pembe tatu, arobaini. Ndani ya kila kimoja kipepeo dume, mkubwa kupita kiganja cha mtu mzima, mbawa nyeusi na buluu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkwaruzo.

"Aliyekamatwa akiruka huwa amechanika," alisema.

"Hawakukamatwa wakiruka," Gavera alijibu. " Walichukuliwa wangali vifukoni, wakaachwa watoke ndani ya sanduku, wakauawa kabla hawajapiga bawa. Wafugaji wote wanafanya hivyo. Ndiyo maana ukimtazama huwezi kujua huyu ni wa bustani au wa msitu, na mwizi alilijua hilo."

Katika pwani ile mambo hayo yanajulikana na kila mtoto. Mtu hupanda mtambazi wenye majani ya umbo la moyo pembezoni mwa bustani, hupanda na maua mekundu, kisha husubiri. Vipepeo hushuka wenyewe na kutaga. Viwavi hula, hujifunga vifukoni, na mwenye bustani huchukua wachache wa kuuza nchi za nje na kuwaacha wengine waruke. Aliyepanda ni mwenye mali na sheria inamtambua. Lakini msitu wa juu ya Sumbalik ulifungwa miaka miwili iliyopita, na mwezi uliopita walinzi wake walikuta mitambazi ya humo imeporomoshwa, mingine imekatwa shina, na kifuko hata kimoja hakikusalia. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika.

"Kwa nini yeye?" Rufina aliuliza.

"Kila kibahasha kina namba kumi na saba. Karatasi ni kurasa za gazeti la kanisa, na hapa kijijini gazeti hilo huletewa yeye peke yake. Bustani yake ndiyo iliyo karibu na msitu. Na bustani hii haitoi madume arobaini kwa wiki tatu, hata uipigie magoti. Unataka nini zaidi?"

"Jina."

"Jina gani?"

Rufina alikigeuza kibahasha kimoja. "Namba ipo, jina halipo. Bibi, unazo bahasha zako za mwezi huu?"

Bibi Neret hakuondoka langoni. Alielekeza kwa kidevu, na Rufina akaenda mwenyewe barazani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vibahasha tisa. Karatasi ileile ya gazeti la kanisa, pembe tatu zilezile. Lakini juu ya kila kimoja, mbali na namba, paliandikwa NERET kwa herufi kubwa kama za bango, zilizokula nusu ya karatasi.

"Nilijifunza kuandika nina miaka hamsini," alisema bibi. "Ukijifunza ukubwani huna sababu ya kuandika kidogo."

"Aliacha jina kujificha," Gavera alisema.

"Anayejificha haachi namba, Bwana Gavera. Namba ndiyo inayomtaja." Rufina aliandika kwenye daftari lake. "Bibi, bahasha zako zinafikaje Namatanai?"

"Binti yangu Gertruda anakuja kuzichukua Alhamisi."

"Na kutoka kwa Gertruda?"

Bibi alitema mate mekundu pembeni, taratibu.

"Zinafika."

"Nani anazipeleka?"

"Mwanangu, wewe umezaliwa wapi?"

"Upande wa pili wa mlima."

"Basi unajua kwa nini nimenyamaza. Usinichimbe."

Rufina alijua. Katika nyumba ya Gertruda kulikuwa na mwanamume mmoja tu, mumewe, na katika kisiwa kile mama mkwe na mkwe wa kiume hawatajani majina. Hawakutani njiani, mmoja husikia mwingine anakuja akapita vichakani. Hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Hakuna anayeona kichekesho katika hilo, na Rufina mwenyewe asingemlazimisha bibi yule kulitamka jina hata kwa amri ya hakimu mkuu. Lakini alijua pia kwamba kunyamaza hakumtoi mtu hatiani wala hakumwingizi mwingine. Aliandika: *Alois Kamrai, mume wa Gertruda, msafirishaji wa mizigo.* Kisha akafunga daftari.

"Sajini." Gavera alikuwa amesimama barabarani, mkono umeziba jua. "Njoo uone mwenyewe."

Juu ya ua wa bustani, kipepeo dume alikuwa akielea akitokea bustanini. Jua lilimpiga akawaka buluu tupu, buluu ya mwali wa gesi. Mwingine akamfuata, naye buluu.

"Hao ni wa bibi. Sasa tazama hawa." Gavera alinyanyua mmoja wa wale waliokufa, akamshika kuelekea jua. Buluu ileile. "Utasema nini?"

Rufina alisogea barabarani. Alitazama wa angani, akatazama wa mkononi, na kama angeulizwa wakati ule angeapa kwamba walikuwa ndugu wa tumbo moja. Saa yake ilionyesha saa nne na nusu.

Bibi Neret alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka asubuhi ile, na hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mtu.

"Watu wa serikali. Mnasimama barabarani mnatazama vya watu kwa juu ya ua kama wambea. Aliye barabarani anaona buluu, hata mimi nikisimama hapo naona buluu. Ingieni ndani. Kaeni kivulini kama watu wenye adabu. Mlazeni kipepeo mezani, halafu mumtazame kwa juu."

Waliingia. Rufina aliketi, akamlaza dume wa boksi la Kavieng mezani, jua likiwa mgongoni kwake na kivuli cha mshelisheli kimefunika kila kitu. Alibaki buluu. Kisha akamlaza kando yake dume kutoka kopo la biskuti.

Akainama karibu. Bawa la nyuma la yule wa bibi lilikuwa buluu katikati tu. Kuelekea ukingoni rangi iligeuka kijani, kijani cha jani changa la mgomba, na mstari wa bawa la mbele nao ukaishia kijani. Alimnyanyua akamwelekeza kwenye jua: buluu tupu. Akamlaza: kijani kikarudi.

"Labda ni unyevu," Gavera alisema. "Bawa likilowa hubadilika rangi."

"Hawa wote wawili ni wakavu. Gusa." Rufina alivuta kiti kingine. "Tusibishane. Tufanye kazi."

Alichagua watano wa boksi na watano wa kopo. Chini ya kila mmoja aliweka kipande cha karatasi chenye alama, upande ulioandikwa umegeuzwa chini. Akampa Gavera awachanganye yeye akiwa amewapa kisogo. Kisha akageuka, akainama juu yao, akawatenga: hawa huku, hawa kule. Gavera aligeuza karatasi moja moja. Kumi kwa kumi.

"Ulikuwa unachungulia."

"Kaa wewe."

Gavera hakukaa. Alijaribu akiwa amesimama upande wa juani, kichwa ameinamisha pembeni, na akakosa wanne. Rufina alikivuta kile kiti mpaka kikamgusa magotini. Gavera akaketi. Safari hii alitumia dakika nzima, miwani puani, akapata wote kumi. Alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa chafu.

"Kuna dume mbichi aliyetoka leo?" Rufina aliuliza.

"Sandukuni wapo wawili," alisema bibi. Walikuwapo kweli, wamening'inia, mbawa bado zinakauka, na wote wawili ukingo wa kijani. Rufina akafungua vibahasha vyote vilivyobaki, vya kopo na vya boksi. Tisa vya bibi: kijani tisa. Arobaini vya Kavieng: buluu arobaini.

"Ni aina moja," Gavera alisema polepole, sauti imeshuka. "Lakini jamii mbili. Wa kisiwa hiki ni buluu. Wa ng'ambo, kisiwa cha New Britain, wanaelekea kijani. Hawa wa bibi wako katikati. Sijawahi kuwaona."

"Hukuwahi kukaa," alisema bibi. "Sisi tunasema ni koo mbili. Mama yangu alivuka kutoka ng'ambo mlima ulipolipuka, kabla ya vita vya pili vya dunia. Msichana wa miaka kumi na sita, majivu yanaanguka, mchana umekuwa giza, watu wanagombea mtumbwi, na yeye akasema hawezi kwenda ugenini bila tambuu ya kwao. Akarudi kukata mche wa mtambuu. Katika lile giza alikata kamba mbili, akadhani zote ni mtambuu. Moja ilikuwa hii." Aligonga ua wake, ulioviringishwa na majani ya moyo. "Alipoitafuna mara ya kwanza alitapika siku mbili. Lakini ilikuwa imeshaota, tena ilikuwa na mayai ya vipepeo. Wakatoka wake kwa waume. Madume wa hapa wakaja kuposa, na mambo yakaenda kama yanavyokwenda kila mahali."

"Kijijini wanajua?"

"Kila aliyewahi kuingia humu anajua. Nani atakuja kukuhadithia rangi ya vipepeo vyangu?"

Gavera alikuwa akiandika haraka haraka. Rufina alimwona, akadhani anaandika ushahidi wa kumwokoa bibi, akafurahi. Alichukua dume mmoja wa kila kundi, akawatia kwenye kisanduku cha plastiki chenye kifuniko cheusi, akashuka kijijini kwa miguu.

Alois Kamrai alikuwa kwenye kiduka chake kando ya tanuru la kukaushia nazi, mwanamume wa miaka arobaini, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Mkewe Gertruda alikuwa nje akimenya viazi vitamu.

"Dada Sajini, karibu. Soda?"

"Maji. Wewe ndiye unayepeleka mizigo ya vipepeo Namatanai?"

"Ya kijiji kizima. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Na ya kadi namba kumi na saba?"

"Pia. Inaniumiza sana habari hii." Alitikisa kichwa. "Sitaki kumsema vibaya mtu mzima. Lakini umri ukienda, na msitu uko pale nyuma ya nyumba... Binadamu."

"Unamsema nani?"

"Yule mama. Mwenye bustani ya juu."

"Boksi lililokamatwa ulilipeleka wewe?"

"Nilipeleka nilichopewa. Mimi mkono tu."

"Hukufungua?"

"Dada, wewe ni mtu wa hapa. Bahasha imefungwa kwa mkono wake, mimi niifungue? Ningeanzia wapi?"

"Hata moja, miaka kumi na moja?"

"Hata moja." Alilisema hilo kwa fahari, na Rufina akamwamini kabisa.

Kaunta ilikuwa upande wa kivuli. Rufina alifungua kisanduku, akawalaza vipepeo wawili juu ya mbao, bawa kwa bawa.

"Nisaidie basi, wewe mzoefu. Mmoja ametoka kwenye bustani ile, nimemtoa humo leo kwa mkono wangu. Mwingine si wa bustani ile. Mimi macho yameshachoka, nimewachanganya. Yupi ni yupi?"

Alois aliinama. Hakusita hata kidogo.

"Huyu wa buluu ndiye wa kule juu. Huyu mwenye kijani labda mmemtoa ng'ambo, huku hakuna."

"Una hakika?"

"Nawaona kila siku nikipita barabarani. Buluu tupu. Wa msituni na wa bustanini hawana tofauti, ndiyo maana kesi ni ngumu."

Nje, kisu cha Gertruda kilikuwa kimesimama.

"Rudia, Alois," alisema Gertruda kutoka mlangoni. Hakupandisha sauti. "Rudia ni yupi wa kwa mama yangu."

Alois alimtazama mkewe, akatazama kaunta, akatazama tena. Uso ukaanza kumbadilika polepole.

"Kila mtu aliyewahi kukaa chini ya mshelisheli ule anajua vipepeo wa mama yangu ni wa kijani," Gertruda alisema. "Kijiji kizima. Isipokuwa mmoja, ambaye mila haimruhusu kuingia."

"Nilikuwa nasema tu..."

"Na karatasi za gazeti. Uliniambia za kuwashia moto. Nikakubebea rundo zima, mjinga mimi. Na kadi yake nilikuwekea mimi kabatini isilowe mvua."

Rufina aliweka daftari wazi juu ya kaunta, na kalamu.

"Bwana Kamrai, kwenye bahasha arobaini kuna namba, hakuna jina. Mwenye kadi huandika jina lake kubwa kama bango. Niandikie hapa, tulinganishe mwandiko. Jina la mwenye kadi namba kumi na saba. Herufi tano tu."

Alois aliichukua kalamu. Aliishika juu ya karatasi mpaka wino ukadondosha doa. Kisha akairudisha.

"Siwezi. Unajua siwezi."

"Najua. Uliweza kupora msitu wa watu. Uliweza kumsukumia kesi bibi wa miaka sabini na minne. Jina lake tu ndilo lililokushinda. Mwizi wa adabu sana wewe."

"Mnunuzi alitaka wengi," alisema Alois, macho chini. "Nilidhani watamfutia kadi tu. Sikujua habari ya kuchoma. Naapa sikujua."

"Ulijua atalia peke yake," alisema Gertruda, akarudi kwenye viazi vyake. Hakumenya tena. Alikaa tu na kisu mkononi mpaka Rufina alipomfunga mumewe pingu na kumpitisha mbele yake.

Saa nane na nusu gari la polisi lilisimama tena mbele ya lango la juu. Bibi Neret alisikia mlango ukifunguliwa, akamwona aliyekaa nyuma, na bila neno akageuza mgongo na kujitanda kanga kichwani. Alois naye akajikunja kwenye kiti mpaka kichwa kisionekane dirishani. Hivyo ndivyo walivyokutana siku ile.

"Amekiri, bibi," Rufina alisema. "Yamekwisha."

"Amekula?"

"Nani?"

"Huyo." Bibi alitoa kiazi cha kuchoma kwenye mkoba wake wa kusuka, akamtia Rufina mkononi. "Usiseme kimetoka wapi. Nimemkasirikia kiasi cha kutaka kumchapa, lakini ni baba wa wajukuu zangu."

Kisha Rufina akaona vijana sita wamejipanga kando ya barabara, mapanga mkononi, dumu la mafuta ya taa chini. Gavera alikuwa mbele yao, na karatasi nyingine.

"Hujawaambia waende?"

"Sajini, kuhusu wizi, bibi hana hatia. Nimekwisha kuandika hivyo na nitaomba radhi hadharani." Gavera hakumtazama usoni. "Lakini umenionyesha mwenyewe, kumi kwa kumi. Vipepeo wa bustani hii si wa kisiwa hiki. Wana damu ya ng'ambo. Kanuni inasema wageni waondolewe kabla hawajachanganyika na wa msituni. Saa tisa ni saa tisa."

Rufina aliyatazama mapanga. Ushahidi aliouhangaikia tangu asubuhi ndio huo sasa uliowasha moto.

Bibi Neret aliondoa kanga kichwani, akasimama. Alimfika Gavera kifuani.

"Wana miaka themanini na zaidi hapa. Kama wangeumaliza msitu, si wangekuwa wameshaumaliza? Sajini amefungua arobaini wa msituni mbele ya macho yako. Ulimwona wa kijani hata mmoja?"

Gavera aliinamia karatasi yake.

"Jibu. Wewe ndiye mwenye elimu."

"Hapana. Lakini kanuni..."

"Basi nikuulize kuhusu kanuni. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mama yangu alitoka ng'ambo. Kwa hesabu yako mimi ni mgeni, na Gertruda ni mgeni, na watoto wake watano ni wageni. Mbona hukuja na mafuta ya kututosha sote?" Alimkazia macho. "Mama yangu alipokelewa na ukoo wa hapa mbele ya watu, nguruwe watatu wakaliwa, akapewa ardhi hii uliyosimama. Hawakumwambia mche wako tupa, wadudu wako ua. Alipokelewa na vyake vyote. Hao vijana nyuma yako, babu zao walikula wale nguruwe. Waulize kama walitapika."

Kijana mmoja alicheka kidogo, akajifanya anakohoa. Mapanga mawili yaliinama.

Gavera alinyanyua karatasi. "Mimi nimetumwa, bibi."

"Na mimi pia," Rufina alisema. Alijipitisha kati yao, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika huku akisoma kwa sauti ili wote wasikie. "Kesi ya Serikali dhidi ya Alois Kamrai. Kielelezo cha kwanza, vipepeo arobaini. Kielelezo cha pili, bustani ya kadi namba kumi na saba pamoja na mitambazi yote, viwavi wote, na kila kinachoruka humo. Bila bustani hii siwezi kumthibitishia hakimu kwamba wale arobaini hawakutoka hapa. Mtu atakayekata hata jani moja anaharibu ushahidi wa polisi, na nitaondoka naye kwa gari hilihili. Nafasi ipo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hukumu."

"Hakimu anakuja lini Namatanai?"

"Hakimu?" Rufina alifikiri. "Mwaka jana alikuja mara moja. Bahari ilikuwa mbaya, akarudi bila kushuka."

Gavera alishusha karatasi. "Utanifukuzisha kazi."

"Utasema polisi walikuzuia. Utakuwa unasema kweli."

"Angalau weka utepe wa polisi, nionekane nimezuiwa."

"Utepe uliisha Krismasi."

Bibi Neret alikuwa ameshaondoka. Walimwona ameinama mtaroni, akivunja tangawizi mwitu, shina zima na majani yake marefu. Alirudi nalo langoni, akalilaza juu ya nguzo mbili, akalifunga kila upande kwa fundo moja zito. Hapo hata Gavera na soksi zake alielewa, maana hakuna aliyekaa visiwani miaka mitatu asiyejua jani hilo likifungwa linasema nini: hapa ni mwiko, asipite wala asiguse mtu. Vijana wote sita walirudi hatua nyuma kwa pamoja. Mmoja akaokota dumu la mafuta, akaanza kushuka nalo kijijini.

"Na hilo linafunguliwa lini?" Gavera aliuliza. Sauti yake haikuwa tena ya afisa.

"Anapotaka aliyelifunga."

"Na aliyelifunga akikataa?"

"Hakuna mwingine wa kulifungua." Bibi Neret aliketi tena kwenye kigogo chake, upande wa ndani sasa, akaanza kumenya popoo. "Kwa hiyo niombee uzima, Bwana Gavera. Kila usiku, kwa magoti. Nikifa sijalifungua, mtangoja sana."